Naombeni ushauri: nimeagizwa kumwandikia barua ya onyo mfanyakazi mwenye mtoto mgonjwa

Msimamizi wa Usiku
Wakuu, heshima kwenu. Mimi ni msimamizi wa zamu ya usiku katika kiwanda kimoja cha mikate hapa Dar es Salaam. Tunaingia saa mbili usiku na kutoka saa kumi na mbili asubuhi, na chini yangu wapo watu kumi na mmoja: wapima unga, wakandaji, wa tanurini na wafungaji. Miongoni mwao yupo mama mmoja, nitamwita Mama J, ambaye mwanawe wa miaka sita ana selimundu. Mtoto anaposhikwa na maumivu, mama huyu hana budi kumkimbiza hospitali, na mara nyingine hulala naye wodini siku mbili tatu. Wiki iliyopita meneja aliniagiza nimwandikie barua ya onyo kwa utoro, nami mkono umekataa. Nimelelewa na mama aliyekuwa peke yake, kwa hiyo usiku wa hospitali ninaujua. Swali langu ni hili: kiongozi awahurumie vipi watu wake bila kuonekana dhaifu mbele ya wakubwa? Usingizi umenipotea kabisa.

Mzee wa Karakana
Kijana wangu, pole. Nilikuwa foromani katika karakana ya treni, Morogoro, kwa miaka mingi. Kila asubuhi, kabla ya kugawa kazi, nilikuwa nikipita kwa kila mtu na kumuuliza jana nyumbani kwake kulipikwa nini. Vijana walinicheka na kuniita Bwana Mboga. Hata hivyo mtu aliyejibu "tulikunywa chai tu" siku tatu mfululizo nilijua ana jambo, na sikumpandisha juu ya behewa siku hiyo. Siku hizi wasimamizi wanakaa na simu. Mke wangu marehemu alikuwa akisema nilijua mboga za karakana nzima isipokuwa za nyumbani kwangu, na alikuwa na haki yake.

Kisiki cha Mpingo
Uongozi ni kubeba mzigo wa walio chini yako. Mzee Ali Hassan Mwinyi alijiuzulu uwaziri wa mambo ya ndani mwaka 1977 kwa sababu ya vifo vya watu waliokuwa mikononi mwa vyombo vya dola kule Shinyanga, ilhali yeye mwenyewe hakumgusa mtu. Alisema kosa la walio chini yake ni lake, akaondoka, na miaka minane baadaye akawa rais. Wewe unaogopa meneja wa mikate.

Dada Sheria
Kaka Msimamizi, tuache historia kidogo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi angalau siku nne za ruhusa yenye malipo mtoto wake anapougua, mbali na likizo yake ya mwaka ya siku 28. Huyo mama amewahi kuziomba kwa maandishi? Pili, barua ya onyo kwa utoro husimama juu ya daftari la mahudhurio. Daftari lako linaonyesha amekosa zamu ngapi?

Msimamizi wa Usiku
Ahsante, dada. Ruhusa hakuomba kwa maandishi kwa sababu maumivu ya mtoto hayatoi taarifa. Kuhusu daftari, naona tusiingie huko. Mimi nimeuliza kuhusu huruma.

Dada Sheria
Nimekuuliza zamu ngapi.

Mama Nyota Njema
Mimi pia nina mtoto wa selimundu, sasa yuko darasa la saba, namshukuru Mungu. Wenye shaka waje wamwone mtoto anayelia akishika mifupa ya miguu saa nane za usiku, huku wewe unampa maji na kumfunika blanketi na bado hatulii. Kaka, usiandike hiyo barua. Mwajiri wangu wa kwanza aliniandikia mbili, na ya tatu nikaondoka kabla haijakauka wino.

Mtu wa Pwani
Mkuu, huyo mama ni nani wako? Nauliza tu kwa niaba ya wanaume wenzangu.

Msimamizi wa Usiku
Si ndugu yangu wala si mpenzi wangu, na ninaomba tuheshimiane.

Dada Sheria, nitajibu, maana naona hutaniacha. Daftari halionyeshi utoro hata siku moja. Kwa wiki tano nimekuwa nikimsainia mimi. Meneja amejua hayupo kwa sababu alikuja usiku mmoja bila taarifa, akakuta mahali pake pamesimama mtu mwingine. Huyo mwingine ni kijana wa zamu ya mchana, ambaye alikuwa akitoka saa kumi na mbili jioni, anakula mihogo pale nje, na saa mbili anarudi kushika nafasi ya Mama J. Nilimpa shilingi elfu kumi kutoka mfukoni mwangu kila usiku. Mama J alipata mshahara wake kamili, kijana alipata nyongeza, mikate ilitoka. Hakuna aliyeibiwa. Niambieni ni nani aliyeumia.

Dada Sheria
Swali zuri. Ni nani aliyeumia?

Bwana Hesabu
Ngoja kwanza. Mchana kutwa, kisha zamu ya usiku yenye urefu wa saa kumi, na sheria hiyo hiyo ya 2004 hairuhusu mtu kufanya kazi zaidi ya saa kumi na mbili kwa siku hata kwa malipo ya ziada. Kijana huyo alikuwa analala lini?

Msimamizi wa Usiku
Alikuwa akilala juu ya mifuko ya unga saa sita hadi saa saba, tukisubiri donge liumuke. Nilikuwa namwamsha mwenyewe.

Haya, niseme yote. Siku kumi na mbili zilizopita kijana huyo aliungua mkono wa kulia kuanzia kiganja hadi karibu na kiwiko. Tulimpeleka zahanati ya jirani kwa gari la mikate. Nimelipia dawa zote na nitaendelea kulipa. Tumeelewana, mimi na yeye kwa hiari yetu, kwamba akiulizwa atasema aliungua nyumbani kwa maji ya moto. Kwa mujibu wa daftari alikuwa nyumbani usiku huo. Nikisema kweli, Mama J atafukuzwa, mimi nitafukuzwa, na huyo kijana naye atafukuzwa kwa kukubali. Kwa sasa ameumia mmoja tu, na anatibiwa. Nimepima nikaona hii ndiyo njia yenye huruma zaidi.

Fundi Tanuri
Wanajukwaa, mnachezewa. Nimeoka mikate miaka tisa. Anayeshika nafasi ya mkandaji hafiki tanurini, kwa sababu mashine ya kukandia iko upande wake, mbali na joto. Halafu hadithi yenyewe imepangika mno: mtoto mgonjwa, kijana maskini, meneja mkali. Bado mvua ya radi tu. Huyu ni mtu wa ofisini anayepima tutasema nini, au ni mwanafunzi aliyepewa zoezi la uongozi.

Mtu wa Pwani
Nilisema mimi tangu mwanzo.

Mama Nyota Njema
Kama ni uongo, basi amechezea ugonjwa wa watoto wetu, na sitamsamehe.

Kisiki cha Mpingo
Naondoa mfano wangu wa Mzee Mwinyi mpaka ukweli ujulikane.

Msimamizi wa Usiku
Fundi Tanuri, Mama J si mkandaji na sikusema kuwa ni mkandaji. Yeye hupokea trei zinapotoka tanurini na kuzipanga kwenye rafu zipoe. Glovu ndefu zilikuwa jozi moja, na usiku huo alikuwa nazo mwenzake. Kijana alikunja gunia la unga akashikia. Sikuona kwamba gunia lilikuwa limelala kwenye maji karibu na bomba.

Fundi Tanuri
Gunia bichi.

Naomba radhi kwa jukwaa zima. Mtu asiyewahi kusimama pale atadhani maji yanapoza, kumbe kitambaa kikavu kinakupa nafasi ya kuiweka trei chini, na kilicholowa kinageuka mvuke papo hapo, tena umekishika. Mimi alama yangu ninayo kwenye kidole gumba. Hilo halitungwi na mtu wa ofisini.

Sasa nikuulize kama fundi kwa fundi: glovu jozi moja kwa watu wawili, na elfu kumi zilikuwapo kila usiku?

Dada Sheria
Kaka, nimekusoma mara mbili. Kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2008. Mwajiri ndiye anayeuchangia, haukatwi kwenye mshahara, na kazi yake ni kumlipa mtu aliyeumia kazini: matibabu, siku za kukaa nyumbani, hata kilema kikibaki. Saini yako imemtoa kijana huyo kazini usiku alioungulia kazini. Ukimlipia vidonge leo, mwaka ujao vidole vikikataa kukunjika utamlipa nini? Nenda kwa mwajiri na daftari hilo mwenyewe, kwa maandishi, kabla hajaja kulichukua, na ajali itolewe taarifa, maana siku zinahesabiwa. Mama J aombe siku zake nne na likizo yake, kisha ombeni ahamishiwe mchana. Hukuwahi hata kuomba ahamishiwe mchana, sivyo?

Msimamizi wa Usiku
Sikuomba. Niliona meneja atakataa.

Mzee wa Karakana
Kijana wangu, na huyo aliyeungua, nyumbani kwake kulipikwa nini jana?

Msimamizi wa Usiku
Shikamoo mzee. Sijui. Sijakwenda kumwona. Anakaa Gongo la Mboto, na gari letu la kwanza linapita kwao alfajiri, kwa hiyo kila siku namtumia mikate miwili kupitia kwa dereva.