Negativu za filamu ya kumenya: kuosha palepale kwa ndoo au kurudi nazo nyumbani?

kibokoni_picha
Assalaam aleikum. Jumamosi ijayo inshallah naingia Mji wa Kale, Mombasa, kuanzia Ndia Kuu mpaka bandari ya zamani, kuwapiga picha wazee na wauza kahawa. Natumia filamu ya kumenya, ile ya papo hapo ambayo picha ya karatasi hubanduliwa kutoka kwenye negativu: mzee aondoke na picha yake mkononi, mimi nibaki na negativu. Sasa hiyo negativu ndiyo inayoniumiza kichwa. Niioshe palepale kwenye ndoo ya dawa, au niitie sandukuni nikaishughulikie nyumbani? Nataka kununua vifaa kabla ya Alhamisi.

rola120
Waaleikum salaam. Filamu gani? Kamera gani? Waomba dawa na ugonjwa hujautaja.

mzee_wa_makupa
Na picha ngapi, nne au arobaini? Na negativu utaiskani tu ama utaichapa kwenye karatasi?

kibokoni_picha
Niwieni radhi. Kamera ni Polaroid Land 250 ya marehemu ami yangu. Nimeona paketi mbili za FP-100C kwa mtu wa Nairobi, na mwengine ana 665 paketi moja. Sijalipa hata shilingi. Nitaskani.

fundi_tudor
Sasa tunaweza kuzungumza. Hizo ni filamu mbili mbalimbali kabisa. 665 ni nyeusi na nyeupe, na ilitengenezwa makusudi ikupe picha na negativu pamoja. Ukishaimenya, negativu iingie kwenye maji ya sodiamu salfaiti, utando utoke, halafu uisuuze. Dada yake mkubwa, Type 55 ya inchi 4 kwa 5, ilikuwa vivyo hivyo. Watu walitembea na ndoo ya salfaiti ya asilimia 18. FP-100C ya Fuji ni ya rangi, na negativu yake ilikusudiwa kwenda jaani. Ina mgongo mweusi unaotolewa kwa jiki, kazi ya nyumbani hiyo. Kwa hivyo 665 ni ndoo, FP ni sanduku.

Ila Polaroid wa awali waliacha filamu za papo hapo 2008. Hiyo 665 ina umri gani, piga hesabu. Vifuko vya dawa vilivyomo ndani ya filamu hukauka, unavuta karatasi inatoka nusu picha nusu tope. Muulize muuzaji ilikaa friji au kabatini.

likoni_feri
Ndoo? Ngojeni niwasimulie.

Nilikuwa na 665, napiga ng'ambo ya Likoni, msimu wa kaskazi, jua la saa sita. Salfaiti nilinunua duka moja la kemikali, jina nalihifadhi. Nikasema "salfaiti", nikapimiwa kilo, nikaenda zangu. Kuikoroga, harufu ya kiberiti kilichowashwa ikanipanda puani mpaka machozi. Kumbe nimepewa metabisalfaiti. Nikajiambia jina lafanana, kazi itafanana.

Nikapiga saba, zote ndooni, ndoo juani. Wakati wa kurudi, kwenye feri mama mmoja akauliza mna samaki gani humo. Nikamwambia picha. Akafunua kifuniko, akakirudisha upesi, akahama upande. Kufika nyumbani maji yana joto la chai iliyoanza kupoa. Utando wa picha umelainika kama ngozi ya maziwa, negativu zimelaliana, nyingine zimegandana. Iliyosalimika ni moja, ya bibi wa mikeka, na katikati ya shavu lake pana alama ya kidole changu, mistari yote yahesabika. Tangu siku hiyo ndoo kwangu ni ya kufulia.

fundi_tudor
Pole, lakini kosa si la ndoo. Maji yalitaka kivuli na chupa ya barafu pembeni, na negativu zisimame kila moja na nafasi yake. Na metabi ungeweza kuigeuza salfaiti kwa kuitia soda kali (caustic soda), kwa kipimo.

rola120
Fundi, wewe utaua mtu. Soda kali na jikoni kwa watu wapi na wapi?

fundi_tudor
Nimesema kwa kipimo.

dada_lenzi
Tumwache na soda yake. Kibokoni, chukua FP. Mimi natumia kopo la plastiki la chakula, ndani nimebandika vijiti vya aiskrimu viwe kama rafu. Menya baada ya dakika mbili kwa nyuzi 25, joto likizidi muda unapungua. Laza negativu upande wa kunata ukiwa juu, usiibebeshe kitu. Ukiipanga juu ya mwenziwe imekwisha hiyo. Na ufukweni usithubutu: upepo mmoja, mchanga wote kwenye ile jeli ya dawa inayonata.

Nyumbani ilaze kwenye kioo, picha chini, utepe pande zote nne bila mwanya. Paka jiki mgongoni kwa brashi. Weusi unatoka kama masizi ya sufuria. Suuza sana. Jiki ikipenya chini ya utepe inakula rangi. Mimi imenilia pembe za negativu kadhaa. Vaa glovu, na ile jeli isikuguse, yachoma ngozi.

rola120
Mateso yote haya ya nini? Rola ya 120, HP5, filamu ya kawaida nyeusi na nyeupe, negativu safi, wazee wapelekewe picha wiki ijayo.

mzee_wa_makupa
Wazee wa Ndia Kuu washaahidiwa picha za "wiki ijayo" tangu mimi navaa kaptula. Babangu alipigwa na mgeni mmoja mlangoni kwake, akangojea mpaka akafa. Mpe mtu chake mkononi.

rola120
Mimi hupeleka.

dada_lenzi
Zangu za Eid ziko wapi?

rola120
Zaja.

mzee_wa_makupa
Kibokoni, betri umeangalia? Hiyo 250 yataka ya volti 4.5, dukani hupati. Unganisha tatu ndogo za AAA, bila hivyo shata haifungi sawa. Na lenzi imulike kwa tochi. Kamera iliyokaa kabatini Mombasa haikosi kuvu.

kibokoni_picha
Nimemulika sasa hivi. Pana kama utandu wa buibui ukingoni. Ndio yenyewe?

fundi_tudor
Ndio yenyewe. Usiiweke karibu na lenzi zako nyingine.

dada_lenzi
Wengine wanafuta kwa siki.

fundi_tudor
Siki ni ya achari.

kibokoni_picha
Basi nahangaikia lenzi kwanza. Wa 665 hapokei simu. Wa Nairobi amesema paketi zilikaa friji, lakini hataki kutuma picha ya tarehe.

likoni_feri
Huyo wa 665, hebu nitumie namba yake faragha. Nauliza tu.