Nimetoka kujisaidia katikati ya muvi, kurudi namkuta marehemu yuko hai. Naombeni utaratibu

Fundi Saa

Wakuu habari za jioni. Naleta jambo la aibu kidogo. Mtakaocheka chekeni, ila mniachie na jibu.

Mimi ni fundi saa, nina meza yangu Kariakoo, mwaka wa ishirini na mbili huu. Sinema niliyokulia ni kibanda umiza: mabenchi ya mbao, gunia dirishani kuzuia mwanga, TV ya chogo moja, na mtafsiri anayekusimulia hata lile ambalo stelingi hajalisema. Pale ukibanwa unanyanyuka, unaruka miguu ya watu, unazunguka nyuma ya ukuta, unarudi. Ukiuliza "oya, nani kafa?" watu wanne wanakujibu kwa pamoja, na wa tano anawabishia.

Sasa binti yangu kamaliza darasa la saba, nikamuahidi sinema ya kweli, ile ya kwenye mall. Jumamosi tukatoka wanne: mimi, mama watoto, binti na mdogo wake. Tukanunua bisi ndoo moja, na soda zile za glasi ya karatasi unazoweza kumnyweshea ng'ombe. Yangu nikaimaliza kabla taa hazijazimwa. Ya mdogo mtu ilipomshinda nikaimaliza pia, maana soda ya bei ile haimwagwi. Tena nina presha, na siku hiyo kidonge changu cha asubuhi nilikisahau nikakimeza saa tisa mchana wakati tunatoka nyumbani. Muvi saa kumi na nusu. Viti tulipewa mstari H, katikati kabisa, watu sita kulia, sita kushoto.

Dakika ya hamsini mkojo ukanibisha hodi. Nimevaa saa yangu ya zamani ambayo mishale yake inawaka gizani, kwa hiyo dakika ninazowatajia ni za uhakika. Nikavumilia. Dakika ya sabini na mbili nikaona hapa itakuwa fedheha. Na kwa bahati mbaya ndiyo ilikuwa pale mjomba wa stelingi anakata roho, kijana kamshika mkono, ukumbi mzima kimya, mpaka unasikia mtu anavuta makamasi. Mimi ndiyo nasimama.

Nimelelewa kwamba hupiti mbele ya mtu ukamwachia makalio usoni, kwa hiyo nikawageuzia uso. Nikawa napita kiubavuubavu kama kaa, kitambi na bizimu ya mkanda vinawapita puani mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja nampa "samahani" yake. Sita kamili. Wa nne goti langu likapiga ndoo yake, bisi zikamwagika. Nyuma yangu mtu akasema, "Mzee, inama basi!"

Nje huko ni korido ndefu, zulia jekundu, milango yote mapacha. Nikajisaidia, nikanawa, nikarudi. Nikasukuma mlango, nikapanda ngazi nikihesabu herufi mpaka H, nikaomba samahani zangu, nikakuta kiti kitupu, nikakaa. Nikapeleka mkono kwenye ndoo, nikatafuna. Kuinua macho, mjomba niliyemwacha anakata roho yuko jikoni anakaanga mayai na kucheka!

Nikajua ni kumbukumbu, si unajua Wazungu wakishaua mtu wanamrudisha kwa picha za nyuma. Nikasubiri aishe kukumbukwa. Yai la pili. La tatu. Nikatia tena mkono kwenye ndoo, ndipo sauti ya kike ikaniambia taratibu, "Samahani baba, hizo bisi ni zangu." Na upande wa pili wa dada huyo, mwanaume anachungulia aone ni nani huyu.

Ukumbi siyo wangu. Muvi ile ile, wenzetu wameanza nyuma yetu. Mpaka nimetoka, nimeupata mlango wangu na kuwapita tena wale sita, saa yangu ilisema dakika kumi na nane. Kijana wa mwisho wa mstari akanong'ona, "Si ungebaki huko huko, mzee."

Mama watoto hakunisemesha mpaka tumefika Buguruni. Binti ndiye alinihadithia nilichokosa, ndani ya daladala, kwa mikono na sauti zote, konda mwenyewe akawa anasikiliza.

Sasa wakuu: anayepita anawageuzia watu uso au mgongo? Samahani ni moja kwa mstari mzima au kila kichwa na yake? Na mtu akibanwa ana haki ya kutoka, au tiketi inamaanisha umekubali kukaa?

---

Mkata Tiketi

Shikamoo mzee wangu. Nimecheka mpaka bosi kauliza kuna nini. Nimesimama mlangoni kwenye jumba la sinema miaka minne sasa, na nikuambie ukweli, hilo la kuingia ukumbi wa jirani tunaliona kila wikiendi. Muvi ikiwa na watu wengi inawekwa kumbi mbili au tatu, na tunazipishanisha muda makusudi ili watu wasijazane kaunta ya bisi na vyooni kwa wakati mmoja. Kwa hiyo marehemu wako, tuseme, alikuwa kafa ukumbi namba tatu, ukumbi namba nne bado anakula maisha.

Kipande cha tiketi ndicho kinachokuokoa. Kina namba ya ukumbi, herufi ya mstari na namba ya kiti. Watu wengi wanakikunja pamoja na karatasi ya mrija wanatupa. Kiweke mfuko wa shati. Na unapotoka, geuka uangalie namba juu ya mlango. Hiyo peke yake ingekutosha.

Ukirudi, usikimbilie ngazi. Simama pale pembeni ya mlango mpaka macho yazoee giza, ndipo upande. Na tafadhali, msiwashe tochi za simu. Ile taa inampiga machoni kila mtu kuanzia mstari wa nyuma yako.

La uso au mgongo, mimi naona wape mgongo. Ukielekea kwenye skrini unashika migongo ya viti vya mbele, huyumbi, na magoti yako hayafiki kwenye ndoo ya mtu. Ukielekea kwao huna pa kushika. Halafu kaunta wana picha ya viti kwenye kompyuta. Sema tu "nipe cha pembeni ya njia." Haiongezwi bei, angalau kwetu.

---

Bibi wa Unguja

We Mkata Tiketi, mwanangu, hapo kwenye mgongo umeteleza. Kumgeuzia mtu makalio ni tusi, iwe mwangani iwe kizani. Fundi kafanya alivyofunzwa na wazee wake. Kama ni nafasi ndogo, basi watu wasimame wampishe. Adabu ni ya pande zote mbili, si ya anayepita tu.

Tena niwaambieni, hii shida mmejitengenezea wenyewe. Sie wakati tunakwenda Majestic pale mjini, picha za Kihindi zinafika saa tatu, na hakuna aliyekwenda chooni gizani. Kulikuwa na mapumziko. Taa zinawashwa, mnatoka nje mnanunua karanga na kachori, mnatazamana nguo, mnajadili: huyu ataolewa na yupi? Wengine sie hiyo nusu saa ya mazungumzo ndiyo tuliyoifuata. Kengele ikilia mnarudi. Picha za Kihindi mpaka leo zinatengenezwa hivyo, jambo zito linawekwa kabla ya mapumziko ili utoke nalo moyo juu.

Na siku nyingine picha ni moja, majumba mawili. Jumba moja likishamaliza mkanda, kijana anaupakia kwenye baiskeli anaukimbiza kwa wenzao. Mkanda mmoja ni kama dakika ishirini hivi. Ikichelewa baiskeli, mnakaa kwenye kiza mnapiga miluzi. Haja zote zilikwisha hapo, fundi, hata za mwenye kidonge.

---

Sina Dogo

Mzee nakuheshimu lakini sikubaliani. Mtu unajua una matatizo ya mkojo, unabugia lita nzima ya soda, halafu unataka sisi sita tuikose muvi? Mimi nikienda sinema tangu mchana sigusi maji. Ni kujipanga tu. Hata kwenye basi la mkoani hamsimamishi dereva kila mnapotaka.

---

Fundi Saa

Sina Dogo, kwenye basi la mkoani husimama. "Dereva, kuchimba dawa!" na wote mnashuka, hata wewe uliyesema hutaki. Tena bila samahani.

Bibi, shikamoo. Nashukuru umenitetea. Mkata Tiketi, marahaba, lile la kipande nimelipokea. Changu nilikitupa na karatasi ya mrija, kama vile ulikuwepo.

---

Nesi Zamu ya Usiku

Fundi, mimi nimeshtuka na kidonge chako kuliko bisi za watu. Vingi vya vidonge vya presha tunavyowapa watu hapa ni vya kutoa maji mwilini. Ukimeza huanza kazi ndani ya saa mbili hivi na kuendelea masaa kadhaa. Piga hesabu mwenyewe, wewe ndiye fundi saa: umemeza saa tisa, muvi saa kumi na nusu, soda mbili kubwa juu yake, na soda nyeusi ina kafeini, nayo inakuongezea safari. Hapo hata kijana wa miaka ishirini angetoka. Ndiyo maana tunawaambia mmeze asubuhi.

Lakini naomba usielewe vibaya ukaanza kuruka dozi kila siku ya sinema. Dozi hairukwi kwa ajili ya muvi. Ukisahau, muulize mfamasia au daktari wako nini cha kufanya, kwa sababu wagonjwa hawafanani. Na wewe Sina Dogo, kushinda bila maji kwenye joto hili la Dar kwa ajili ya kuangalia watu wakipigana si kujipanga.

Jambo la mwisho. Fundi, usiku unaamka mara ngapi? Kama ni mara tatu, nne, au mkojo unatoka kwa kusuasua, nenda kapime sukari na uangaliwe tezi dume. Usinijibu hapa, nenda tu.

---

Mbeba Boksi

Salamu kutoka kwenye baridi, Marekani. Huku kuna programu ya simu inaitwa RunPee, ilianza kama tovuti 2008. Unaifungua muvi ikianza, unaweka simu mfukoni, ikifika sehemu ambayo haina uzito simu inatetemeka: sasa nenda, una dakika kadhaa. Na ukiwa chooni unasoma muhtasari wa unachokosa. Mwanzoni nilidhani ni utani, sasa siingii bila hiyo.

Na wazo la bibi linarudi. The Brutalist ya 2024 ina urefu wa zaidi ya saa tatu na nusu, na ndani yake wameweka mapumziko ya dakika 15, saa inahesabu kwenye skrini. Niliona wazee wa Kizungu wakipanga foleni ya choo wakiwa na furaha kama watoto waliofunga shule.

Ila fundi, binti yako anayesimulia mpaka konda anasikiliza, huyo ndiye programu yako. Mlipe soda.

---

Sina Dogo

Sawa Nesi, nimekusikia. Ila bado, viti vya katikati mkae wenye uwezo.

---

Fundi Saa

Wakuu, mrejesho.

Kwanza Nesi, nilienda. Sukari iko sawa. Hilo lingine nimepangiwa tarehe. Asante sana dada yangu, na mama watoto kaniagiza nikuambie asante yake pia, maana ilibidi nimueleze kwa nini naenda, na akaacha kukasirikia bisi.

Pili, Jumapili nimerudi na binti, wawili tu. Kidonge saa moja asubuhi na chai. Soda sikununua, nilishika chupa ndogo ya maji nikawa nalowanisha midomo. Kipande cha tiketi mfuko wa shati, na nimekibonyeza mara kumi kama kipo. Kaunta nikasema kama nilivyofundishwa, "nipe cha pembeni ya njia." Nikapewa G1. Binti G2. Nikakaa kama mwenye nyumba, miguu nje, njia yote ya kwangu.

Sikutoka hata mara moja.

Ila hakuna aliyeniambia kwamba anayekaa G1 ndiye mlango wa mstari mzima. Dakika ya ishirini na tano, "samahani mzee," kijana na simu yake. Dakika ya thelathini na mbili anarudi. Dakika ya arobaini dada na mtoto, mtoto analia, wakaenda na kurudi mara mbili. Baba mmoja wa makamo, huyu nilimsimamia kwa heshima zote, nilimuona tu uso nikajua kidonge kamezea saa tisa. Jumla nimesimama mara kumi na moja. Kila nikisimama, aliye nyuma yangu anasema "kaa chini mzee." Nilipojaribu kukunja miguu pembeni bila kusimama, mtu kanikanyaga kidole gumba cha mguu ambacho tayari kina kucha mbovu. Na wale wa mgongo wako wa kutosha, Bibi, nimeonyeshwa makalio ya kila kabila.

Mwisho wa muvi sijui. Binti kanihadithia tena kwenye daladala.

Sasa naomba tena utaratibu: mwenye kiti cha pembeni anatakiwa asimame, akunje miguu, au ahamie H katikati na kuumia kivyake?