Kijapani dakika 15 kwa siku, "wa" na "ga" zinanichanganya

Kijana_Sakina: Wakuu habari, mi naongoza watalii hapa Arusha, kila asubuhi napiga somo moja fupi la Kijapani kabla sijatoka, ila vile vineno wa na ga vinavyokaa baada ya jina kwenye sentensi nimeshindwa kabisa kutofautisha, msaada jamani

DadaMoshi: Pole kaka. Wa inaleta mada, ga inamtaja mhusika. Ukiulizwa nani kaja unajibu Juma ga kimashita, Juma ndo kaja. Hapo ga inafanya kazi kama "ndo" yetu

Mzee_Njiro: Kitenzi nacho kinakaa mwisho, mizu o nomimasu, maji nakunywa. Andika sentensi 3 kwenye daftari uzisome kwa sauti, usiruke hata siku moja

Kijana_Sakina: Aisee hiyo "ndo" imeniingia, shukrani dada. Shikamoo mzee, daftari nanunua leo leo