Mdogo wangu anataka kusomea katuni za mtandaoni: ada na vifaa tulipeje?

Kaka_wa_Tegeta

Wakuu, habari za humu. Mdogo wangu wa kike kamaliza kidato cha nne, ana C moja na D nne bila kuhesabu dini. Atatimiza miaka 18 mwezi wa kumi. Anachora kwenye simu, na anataka kutoa hadithi za katuni mtandaoni, zile ambazo msomaji anateremsha tu kwa kidole. Nyumbani tumechanga 1,800,000, na baada ya hapo tunaweza kutoa 80,000 kila mwezi.

Bodi ya Mikopo itamlipia? Chuo cha sanaa kinafaa kwa kazi hii, au fedha yote iende kwenye laptop? Na kuna misaada isiyorudishwa? Kuna mjomba anashauri tukope kwa dhamana ya kiwanja cha mama.

Karani_wa_Ada

Mkuu, kiwanja kiacheni. Katuni ya mtandaoni haina uhakika wa kuingiza hata shilingi katika mwaka wa kwanza, na rejesho la benki linaanza mwezi unaofuata.

Bodi (HESLB) haitamsaidia kwa sasa. Kazi yake kubwa ni kukopesha wanafunzi wa shahada. Ilipoanza kukopesha stashahada mwaka 2023/24 ilichagua fani za kipaumbele: afya, ualimu wa sayansi, usafiri, nishati, madini, kilimo na mifugo. Uchoraji haumo, na ngazi ya cheti haikopeshwi. Hata akija kufika shahada ya sanaa baadaye, pigeni hesabu ya marejesho kabla ya kusaini. Mwajiriwa hukatwa 15% ya mshahara, lakini aliyejiajiri anatakiwa kulipa si chini ya 100,000 kwa mwezi. Kwa mchoraji anayelipwa kazi kwa kazi, hiyo ni fedha nzito katika mwezi usio na oda.

Kwa ufaulu wake mlango wa cheti uko wazi, maana sifa ya kuingia ni ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini. TaSUBa pale Bagamoyo ni chuo cha serikali na wana sanaa za ufundi, yaani uchoraji na kadhalika. Atapata misingi: umbo la mwili, kivuli na mwanga, rangi. Kupanga hadithi kwa skrini ya simu atajifunza kwingine. Kabla ya kuamua, ombeni fomu ya maelekezo ya kujiunga, msitegemee ada iliyoandikwa kwenye tangazo. Bima, sare, vifaa, mitihani, hosteli na mafunzo kwa vitendo vimo kwenye fomu, na mara nyingi familia hukwama muhula wa pili kwa sababu ya hivyo, ada yenyewe ikiwa imeshalipwa. Ulizeni pia idadi ya awamu za malipo. Na kwa chuo cha serikali lipeni kwa kontroo namba tu. Akitokea mtu wa "kuwasaidia nafasi" na namba yake ya simu, achaneni naye.

Wino_na_Brashi

Naongezea upande wa vifaa, maana hapa ndipo hela huyeyuka.

Laptop iliyotumika, i5 yenye RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) 8GB na SSD, tengeni kama 600,000. Tableti ya kuchorea isiyo na kioo, ile inayochomekwa USB (Huion au XP-Pen ndogo), kama 150,000. Ncha za akiba za kalamu zinunuliwe siku hiyohiyo. Ncha ikilika hadi kuwa bapa inakwaruza sehemu ya kuchorea. Programu ni sifuri: Krita kwenye laptop ni ya bure kabisa, na MediBang au ibisPaint aendelee nazo kwenye simu. Programu za kuvunjwa (za kulipia zilizofunguliwa kwa wizi) hapana, virusi vyake vimeshafuta kazi za miezi ya watu.

Msishawishike kukopa ili mpate mashine kubwa. Wanaolalamika "laptop inaganda" wengi wamefungua turubai (ukurasa wa kuchorea ndani ya programu) moja ndefu ya sehemu nzima ya hadithi. Turubai ya pikseli 1600 kwa 20,000 inakula takriban MB 128 kwa kila leya (tabaka la mchoro) iliyojaa. Leya 20 ni zaidi ya GB 2.5, na hapo hujahesabu historia ya kurudi nyuma. Agawe sehemu katika turubai za 1600 kwa 5,000, leya moja ishuke hadi MB 32. Akimaliza apunguze upana uwe 800 na akate vipande visivyozidi urefu wa 1280, ambavyo ndivyo WEBTOON, jukwaa la katuni za mtandaoni, wanavyopokea. RAM ya 8GB inatosha.

Sasa ada ya kujifunza. Video za mafunzo ziko tele bure. Mnachotakiwa kulipia ni jicho. Katika ile 80,000 ya kila mwezi, 25,000 iwe bando na 40,000 apewe mchoraji mzoefu wa kumsahihishia kurasa zake mara mbili kwa mwezi, achore juu ya kazi yake kwa rangi nyekundu. Makubaliano yataje idadi ya kurasa, si "masaa ya mafunzo", la sivyo mtalipia maongezi. Kwa Dar, fuatilieni matangazo ya Nafasi Art Space pale Mikocheni. Wachoraji wa aina hiyo mnaweza kuwapata huko.

Na asahihishwe maandishi pia, si picha tu. Maneno yetu ni marefu. "Hawakunisikiliza" haliingii kwenye puto (kile kiduara cha maneno ya mhusika) jembamba, kwa hiyo puto lipangwe kabla ya mchoro, na herufi zisishuke chini ya pikseli 24 kwenye upana wa 800. Zikiwa ndogo zaidi ya hapo, msomaji wa simu anaacha.

Mama_Ruzuku

Kuhusu fedha isiyorudishwa, tenganisheni vitu vitatu ambavyo watu huvichanganya.

Mfuko wa Utamaduni na Sanaa unatoa mikopo kwa wasanii. Ni mkopo, unarudishwa. Hata hivyo usajili wa BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa) aufuatilie mapema, utamfaa kwa mengi mengine.

Asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Haina riba, ila ni ya kikundi chenye mradi, kwa kawaida watu watano na kuendelea, wenye umri wa miaka 18 au zaidi. Ada ya shule hailipwi humo. Wachoraji watano wanaweza kuombea kompyuta, printa na mashine ya fulana. Kinachoangusha maombi ni mchanganuo unaosema "tutapata mapato kutoka kwa wasomaji mtandaoni". Andikeni kazi zenye mteja anayejulikana: chati za shule za awali, picha za vitabu vya hadithi, mabango. Katuni iwe kazi ya pembeni ya kikundi, na marejesho yapigwe kwa hesabu ya chati.

Ruzuku halisi, kama Seed Awards za Prince Claus Fund ya Uholanzi: tuzo 100 kwa mwaka, euro 5,000 kila moja, kwa wasanii walio mwanzoni mwa kazi. Mshindi ana uhuru wa kuamua matumizi, hata kusoma. Lakini wanataka kuona kazi zilizokwisha kufanyika. Kwa hiyo mwaka huu asiombe. Amalize hadithi fupi tatu zenye mwisho, kurasa 8 hadi 12 kila moja. Sehemu ya kwanza ya hadithi ya sehemu 100 haionyeshi kama anaweza kumaliza. Na ruzuku yoyote inayodai ada ya fomu, fungeni ukurasa.

Kaka_wa_Tegeta

Asanteni sana, mama na wakuu. Je, akifungua ukurasa wa kuchangiwa na wasomaji ili ajilipie cheti? Kickstarter au Patreon?

Karani_wa_Ada

Kickstarter hapana; Tanzania haimo kwenye orodha ya nchi wanazoruhusu mwenye mradi kuishi. PayPal ya Tanzania inalipa tu, haipokei, na hilo linafunga kurasa nyingi za michango. Wakenya wao wanapokea na kutoa kupitia M-Pesa. Patreon inawezekana kwa sababu inalipa pia kupitia Payoneer, ambayo inapeleka benki. Akaunti ya Payoneer ni ya miaka 18 na kuendelea, basi asubiri mwezi wa kumi, na jina lifanane herufi kwa herufi na la kitambulisho cha NIDA. Likipishana fedha inazuiliwa. Awaambie wasomaji wajiunge kupitia kivinjari. Wakijiunga ndani ya programu ya iPhone, Apple inakata hadi 30%.

Kwa wasomaji wa Kiswahili msingoje Patreon. Faili la PDF la hadithi iliyokamilika kwa 1,000 au 2,000, malipo kwa lipa namba, na faili litumwe WhatsApp. Kila nakala iandikwe jina la mnunuzi chini ya ukurasa wa kwanza, hiyo inapunguza kusambazwa.

Wino_na_Brashi

Jambo moja kabla hamjalipa popote. Baadhi ya mashindano na "programu za kulea vipaji" husomesha bure, kisha kwenye kanuni imeandikwa kwamba kazi zote zitakazochorwa humo ni mali ya mwandaaji. Tafuteni kifungu cha hakimiliki kwanza. Kikisema wanapata ruhusa ya kuchapisha kwa muda fulani, sawa. Kikisema haki zote zinahamishwa, apeleke mhusika wa mazoezi tu, na yule mhusika wake mkuu abaki kwenye laptop ya nyumbani.