Chiliida si pambo la uwanja, wapeni mikeka na mtaalamu wa majeraha

Wazazi wenzangu mlioko huku Marekani, acheni kusema binti aliye kwenye timu ya chiliida (cheerleading, wale wanaoshangilia timu kwa sarakasi na kunyanyuana) "anakata viuno tu". Dharau hiyo inavunja watoto shingo.

Tazameni kazi yenyewe. Wabebaji wawili wanaomnyanyua mwenzao wanakabiliana, magoti yamekunjwa, mgongo wima. Nguvu itoke mapajani. Nyuma yao yuko mlinzi, ambaye macho yake hayabanduki kwa aliye juu, na huyo wa juu akianguka, kichwa na shingo ndivyo vya kudaka kwanza. Aliye juu akilegeza tumbo au akitazama chini, uzito unahama na wote wanayumba. Mbebaji mmoja akichelewa nusu hesabu, mguu mmoja unatangulia kupanda na mtoto anaporomokea upande. Hayo yote kwa kufuata muziki, hesabu ya moja hadi nane, ndani ya onyesho la dakika 2 na sekunde 30, huku wanatabasamu!

Sasa shule inawapa nini? Ukumbi ni wa mpira wa kikapu, wao wapelekwe koridoni kwenye vigae. Mkeka kamili wa mashindano ni vipande 9, kila kimoja futi 6 kwa 42. Wanapewa viwili vilivyochakaa, velkro ya kuviunganisha haishiki tena, vinaachana, na kifundo cha mguu kinazama kwenye pengo. Kanuni za sekondari zinakataza kumrusha mtu hewani juu ya sakafu ngumu ya ukumbi. Nani anakagua mazoezini?

Chanzo ni hii kauli ya "siyo mchezo". Ndiyo, mwaka 2010 jaji wa shirikisho, kwenye kesi ya Chuo Kikuu cha Quinnipiac, alikataa kuihesabu kuwa mchezo chini ya Title IX, sheria ya Marekani inayokataza ubaguzi wa kijinsia shuleni na vyuoni, kwa kuwa haikuwa na mpangilio wa kutosha. Wakati huo! Mwaka 2012 chama cha madaktari wa watoto, American Academy of Pediatrics, kilitaka itambuliwe, ili watoto wapate makocha waliofunzwa na uangalizi wa afya kama wanamichezo wengine. California ikatunga sheria ya kuitambua kuwa mchezo 2015. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ikalitambua shirikisho la kimataifa la chiliida 2021. Mnangoja nini tena?

Nendeni kwenye bodi ya shule. Ulizeni timu imepangiwa ukumbi saa ngapi, na mtaalamu wa majeraha anakuwepo siku za mazoezi au za mechi za wavulana pekee. Na aliyegongwa kichwa atolewe papo hapo, asipandishwe tena mpaka daktari aandike ruhusa.