Nyaraka za familia: mnaziweka wapi kwa ajili ya dharura?

Mama Rehema: Wadau, vyeti vya kuzaliwa viko kabatini, hati ya nyumba chini ya godoro, pasipoti anazo mzee. Moto ukizuka usiku nianze kupekua wapi, na mtoto yuko mgongoni?

Saidi: Mtoto kwanza, dada, hilo halina mjadala. Karatasi zote tia kwenye mfuko mmoja usiopitisha maji, ndani ya begi karibu na mlango. Litundike, mafuriko huanzia sakafuni. Langu, bahasha ya juu ina kadi za chanjo na orodha ya dawa za mama na vipimo vyake. Hati ya nyumba inaweza kusubiri, presha haisubiri.

Bi Zuhura: Na nakala? Piga picha, ila zisikae kwenye simu tu. Seti moja mpe ndugu wa kuaminika anayeishi mbali. Namba za simu ziandike kwa kalamu. Chaji ikiisha, nani siku hizi anakumbuka namba ya mumewe?

Mama Rehema: Hahaa, yangu tu naibabaisha! Vipi sanduku la chuma lisiloungua?

Saidi: Kwa hati sawa, lakini mengi hayazuii maji, na kukimbia nalo ni shughuli. Kwanza kubalianeni mtakutana wapi nje mkitawanyika. Hiyo ni bure.