Je, mwenye gesti Lamu ana haki ya kuwakataa wasiooana?

Mwenye mada: Jirani yangu Mkomani ana gesti ya vyumba vichache. Mapokezi amebandika: pombe marufuku, chumba kimoja ni kwa mume na mke tu. Juzi vijana wawili wa Nairobi walirudishwa usiku, maneno yakawa mengi hadi huku kwenye vibaraza. Mimi niko upande wake. Katiba ya 2010, kifungu cha 32, inasema mtu asilazimishwe kutenda jambo lililo kinyume na imani yake. Na atakayeulizwa mbele ya Mola kuhusu kilichofanyika ndani ya nyumba ile ni yeye, si mgeni.

Wa Langoni: Bwana, geuza ukurasa. Kifungu cha 27 kinakataza ubaguzi, na hali ya ndoa imetajwa kwa jina. Hakiifungi serikali peke yake, kinamfunga hata mtu binafsi. Akishawatoza watu kwa usiku, hiyo si nyumba yake kama ile anayolala na wanawe.

Mwenye mada: Kwa hiyo na pombe aweke?

Wa Langoni: Nani kasema? Pombe hamuuzii yeyote, Muislamu wala Mkristo, basi hakuna aliyebaguliwa. Chumba anakiuza, ila anachagua wa kumuuzia.

Mama wa Shela: Haya wenzetu Uingereza yamewafikisha Mahakama ya Juu. Mwaka 2013, Wakristo wenye gesti kule Cornwall, waliotoa chumba cha kitanda kikubwa kwa waliooana tu, walishindwa kesi na wanaume wawili waliokuwa wamesajili uhusiano wao kisheria. Lakini 2018 waokaji wa Belfast walishinda. Wao walikataa kuandika juu ya keki maneno ya kuunga mkono ndoa za jinsia moja, na majaji wakaona kwamba wangemkatalia maneno yale mteja yeyote, awe nani. Msinielewe vibaya, dini yangu naijua. Nasema tu kukataa kuandika jambo usiloliamini si sawa na kumfungia mtu mlango.

Mwenye mada: Sheria za Cornwall hazituhusu. Mji huu una adabu zake, na mgeni anazijua kabla hajapanda boti Mokowe.

Wa Langoni: Adabu hizo mbona Mzungu haulizwi cheti cha ndoa? Anapokelewa na sharubati. Mkenya mwenzetu wa bara ndiye anayeambiwa atoe cheti, hata akiwa na mkewe wa halali. Imani gani hiyo inayotazama rangi?

Mwenye mada: Hapo simtetei jirani. Aulize wote au asimuulize mtu. Lakini akiwauliza wote sawasawa, narudi pale pale: ana haki.

Mama wa Shela: Basi sharti hilo aliandike kule kule watu wanakoagizia chumba, si ukutani, mtu ameshafika na mizigo saa nne usiku. Na hela waliyotanguliza wale vijana?

Mwenye mada: Nasikia wamerudishiwa nusu.

Mama wa Shela: Nusu ya pili ameizuia kwa kifungu kipi?